Nilivyomfuata Bi wa Kikapu hadi Kizimkazi

Jamani wa stafurumu, nimechoka kuulizwa mmoja mmoja. Tangu Jumatatu sijanywa chai yangu ikiwa moto. "Mwalimu Rukia, umempata?" "Mwalimu Rukia, mbona umekonda?" Basi nimeandika. Someni, mkimaliza mpeane, na Mwalimu wa hesabu asianze kunisahihishia pembeni kwa kalamu nyekundu.

Kwa aliyehamia juzi na hajui ugonjwa wangu: mimi hukusanya picha. Unguja alikuwako fundi mmoja, hajulikani jina wala sura, aliyechora wanawake kwenye kuta za Mji Mkongwe, juu ya ile chokaa inayobanduka. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja na uchochoro wake. Masika yakaja, kuta zikamenyeka, nyingine zikapakwa upya, wanawake wakapotea. Lakini kabla hawajapotea, fundi aliwahamishia kwenye karatasi. Anawamba kitambaa cha hariri kwenye fremu, anapitisha rangi juu yake kwa kipande cha mpira, rangi moja baada ya nyingine, mpaka uso unatokea. Kila picha nakala saba tu, kila nakala na namba yake chini kwa penseli, kisha fremu anaivunja. Mwalimu wa hesabu alipoona 4/7 kwenye ya kwangu alisema huyo mwanamke kapasi kwa shida. Sikumsemesha siku mbili.

Kwa miaka sita nimepata kumi na moja. Aliyebaki ni Bi wa Kikapu: mwanamke yuko dirisha la juu, anateremsha kikapu kwa kamba atiliwe mchicha, na anamcheka mtu aliye chini ambaye sisi hatumwoni. Nilimwona ukutani mara moja tu, nyuma ya Sokomuhogo, nilipokwenda harusini. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha. Mwaka uliofuata nikakuta ukuta mweupe pe. Tangu hapo sikuwa na haja nyingine duniani, na mume wangu ni shahidi, masikini, amevumilia mengi.

Ndipo ikaja barua ya Bwana Seif, mwenye duka pale Hurumzi aliyekuwa akiziuza. Kaandika mistari miwili: Bi wa Kikapu wamebaki wawili kisiwani, mmoja Mpendae, mmoja Bububu, na wenyewe wako tayari kuwatoa. Nikaomba ruhusa kwa mkuu, nikafunga safari.

Tanga mpaka bandarini

Zile kumi na moja nilikwenda nazo. Mchwa wa Tanga mnawajua, siwezi kuwaachia nyumba wiki nzima. Niliziviringisha ndani ya bomba la plastiki la maji, nikaziba huku na huku, nikalipakata. Basi letu lilikufa karibu na Segera, likafa kweli, dereva akalala chini yake na kuanza kumtukana mtu aliyemuuzia kipuri. Tulikaa saa nne. Tulikula machungwa mpaka midomo ikatuwasha.

Mzee mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa kalikazia macho bomba langu. Mwisho akaja, heshima zote. "Mama, samahani. Nikufikishe kwangu Msata? Choo kimeziba tangu Idi."

"Baba, mimi mwalimu."

"Hata mwalimu anaweza," akasema, na alikuwa hana mzaha. Ilibidi nizibue bomba nimwonyeshe. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, akauliza huyu nani, huyu nani, nikamjibu sijui. "Hujui? Na umewabeba?" Alirudi kitini kwake akiguna.

Boti ndiyo sitaki hata kuieleza. Bahari ilichafuka, machungwa yote ya Segera nikayatapikia baharini. Mama mmoja wa Pemba nisiyemjua alinishika kichwa njia nzima, anansomea dua, huku mkono wa pili kalishika bomba langu lisiviringike. Nilishuka Unguja sijamuuliza hata jina, na hilo linaniuma.

Mji Mkongwe

Bwana Seif ni mtu wa maneno mengi. Babu zake walikuwa na mashamba ya karafuu, yeye ana duka la upana wa mlango na nusu, na habari za mashamba na duka utapewa zote kwa pamoja. Siku hiyo alinyamaza. Aliniagizia urojo, akaniangalia nikila. Nikajua pana jambo.

"Bwana Seif, kulikoni?"

"Kitabu changu cha majina ya wateja," akasema, "kimeshasomwa na mtu mwingine kabla yako. Tangu mwezi uliopita."

Kijiko kilinidondoka. Ama! Mwenzangu katika ugonjwa! Miaka yote sita nilikuwa nikijidai kwamba wazimu huu ninao peke yangu.

"Nani?"

"Nimeapa, Mwalimu."

"Mzungu?"

"Nimeapa."

"Kanunua ngapi?"

Alifuta meza isiyokuwa na uchafu. "Nenda Mpendae, nenda Bububu, ujionee mwenyewe. Mimi usinitie dhambini." Nilitoka sikumaliza urojo, na urojo wa pale haustahili kuachwa.

Mpendae

Nyumba niliyoelekezwa ni ya Bi Fatma, nesi mstaafu. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikakaribishwa mkekani. Nilikuwa na haraka, nikaingia moja kwa moja: "Bi Fatma, mimi nimetoka Tanga kwa ajili ya yule binti wenu. Nimesikia mko tayari kumtoa."

Bi Fatma alinyanyuka, akaingia ndani. Mara likaja jagi la sharubati. Mara zikaja sambusa. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anaambiwa abadili nguo upesi. Mara akaingia kaka mtu, kavaa kofia mpya, akakaa, akakohoa.

"Na kijana mwenyewe," akaniuliza, "anafanya kazi gani?"

"Kijana gani?"

"Huyo unayemposea."

Wallahi niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikafungua bomba haraka, nikawaonyesha picha, nikaeleza. Kaka mtu alivua kofia. Bi Fatma alicheka akashika mbavu, na nyuma ya pazia nako wakacheka, na sambusa walizirudisha nusu, haki ya Mungu, nusu nzima walizirudisha jikoni.

"Bi wa Kikapu keshachukuliwa," Bi Fatma akasema alipopumua. "Wiki mbili hizi. Kaja mzee mmoja mrefu, kanzu safi, kaniomba radhi, kisha kaniomba picha. Nikampa."

"Umempa? Bure?"

"Anakwenda Hija, mwanangu. Mtu anakwenda Hija, kaja mlangoni kwako kuomba radhi, wewe umnyime?"

"Radhi mpe! Picha umempa ya nini?"

Aliniangalia kama mgonjwa anayekataa dawa. Kwetu pia anayekwenda Hija huzunguka kuomba radhi kwa jamaa, majirani na aliowakosea, na hakuna anayemrudisha mtu huyo mikono mitupu. Lakini kuitumia desturi hiyo kukusanyia picha! Nilisema moyoni, huyu ni tapeli wa kutupwa, na lazima nimkamate kabla hajafika Bububu.

Bububu

Nilichelewa. Teksi niliyopanda mlango wake ulifungwa kwa kamba, na kila baada ya mwendo mdogo dereva alisimama kuukaza. Tulipofika nilikuwa nshamaliza kusali kila dua ninayoijua.

Fundi Anthony ni seremala, karakana yake iko barazani, karibu na pale reli ya zamani ilipoishia, watu wa kwao ni wa bara tangu enzi za babu. Nikamwambia ninachotafuta. Alifurahi. "Ipo, Mwalimu! Ingia, ipo sebuleni."

Ipo! Nikaingia, nikainua macho ukutani.

Fremu nzuri ya mbao ya msaji. Dirisha lipo. Mkono upo, kamba ipo, kikapu kipo. Panapotakiwa uso pana tundu, na ndani ya tundu chokaa ya ukuta wa Fundi Anthony.

Nilipiga ukelele. Majirani walikuja. Mke wa Fundi alinishika akanikalisha, akanipa maji, na mimi nimelikodolea tu macho lile tundu. Nani anaweza kumkata mtu kichwa vile? Karatasi ni karatasi, najua. Mwili wangu haukujua.

"Hata mimi siku ya kwanza nilishtuka," Fundi akasema taratibu. "Mzee alikata hapo hapo kwenye meza yangu. Kwa adabu, anakwenda polepole, ungedhani fundi cherehani anakata shingo ya kanzu. Mwili kaniachia, kichwa kachukua."

"Na wewe ukamwacha? Mzee mwendawazimu anaingia na mkasi, unamwacha?"

"Mwalimu, ile picha ni yake. Ndiye aliyeichora."

Niliweka maji chini.

"Alinionyesha vidole vyake. Rangi imeingia kwenye kucha haitoki tena. Anasema anaogopa siku ya mwisho asije akaambiwa awatie roho wale aliowachora, na yeye hana roho ya kuwapa. Mimi Mkristo, ukuta wangu una picha kibao. Lakini mtu kaja kwangu anaogopa Mungu, nimfukuze?"

Kwa hiyo sikuwa na mshindani. Yule mzee alikuwa fundi mwenyewe, ambaye kwa miaka sita nilikuwa tayari kumbusu mikono, na alikuwa akizunguka kisiwa kizima anawakata vichwa wanawake wake. Fundi Anthony akaniambia jina, Mzee Makame, na kwao Kizimkazi, na safari yake Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kizimkazi

Ijumaa nilipata nafasi kwenye pikapu inayopeleka barafu kwa wavuvi. Barafu iliyeyuka ikaingia mbele, nikafika na miguu iliyokufa ganzi, bomba kifuani. Ufukweni wakanizunguka vijana wa mashua: "Mama, pomboo? Pomboo wako wengi leo!" Nikawaambia sitaki pomboo, nataka Mzee Makame. Wakapoa. Mmoja akasema, "Basi unakuja kuaga," akanionyesha njia.

Nyumba ilijaa. Wanawake wanapika, watu wanaingia na kutoka kumwombea dua msafiri. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali, nimeyapanga tangu Bububu. Akatoka mzee mrefu, mwembamba, kucha za buluu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Mwalimu wa Tanga," akasema. "Namba nne kwenye kitabu cha Seif. Nimekuombea uje. Nauli ya Tanga ilinishinda, na siku zimekwisha."

Na kuzungumza hakukuwezekana mpaka nile: wali, pweza wa nazi, mkate wa kumimina, na dada yake Bi Mwanaheri, aliyekuwa mkuu wa jiko, akisimama juu yangu kuhakikisha. Nilikula na hasira zangu na, Mungu anisamehe, nikaongeza.

Baadaye alinipeleka kibandani kwake. Fremu za hariri zimevunjwa, zimefungwa kama kuni. Pembeni ndoo ya maji, na ndani yake uji mzito wa rangi zote. "Vichwa," akasema. "Nnaviroweka mpaka karatasi inalainika. Sitaki kuwachoma moto, wala sitaki wakanyagwe. Vilivyokwenda Ulaya nimemwachia Mungu. Hapa kisiwani nshamaliza. Zimebaki zako."

"Mzee, mimi nimeuza bangili zangu kwa picha hizi."

"Najua."

"Mimi pia naswali. Mbona nina picha kwenye kitambulisho, na masheikh wanazo?"

"Simhukumu mtu, mwanangu. Kila mtu na lake. Mimi najua mkono wangu ulivyokuwa. Nilikuwa nikimaliza uso, najisifu. Nasema huyu anapumua." Akaitazama ndoo. "Ndilo linaloniogopesha hilo."

Nikamuuliza Bi wa Kikapu wa Mpendae yuko wapi, ndoo ile? Akafungua sanduku. Alikuwa mzima. Uso wake wote, meno, kishimo cha shavu, kile kicheko. Nilimwona nikasahau hasira. Nilitaka kumgusa, sikuthubutu.

"Huyu Kazija, mke wangu," Mzee Makame akasema. "Tulikaa Sokomuhogo, ghorofani. Mtu wa chini anayechekwa ni mimi, nimeweka samaki badala ya mchicha. Kafa mwaka wa pili baada ya picha. Hakuwahi kupigwa nyingine, alikuwa hataki kamera." Akafunga sanduku. "Nimewakata wote. Huyu mkono umekataa. Nauweka mkasi, nautoa."

Kisha akaniomba rasmi, mikono kifuani: nimpe picha zangu, na nimwie radhi kwa kuniuzia kitu ambacho leo anakuja kukiharibu. Nikamjibu hapana. Hapana kwa yote mawili. Nilimwambia aliyeyaacha makosa yake mikononi mwa watu asirudi kuwanyang'anya watu. Nilisema kwa sauti, nyumba yenye wageni, kwa mtu wa Hija.

Jumamosi asubuhi

Nililala kwa Bi Mwanaheri na bomba langu ubavuni. Asubuhi hakunisema vibaya. Alinimiminia chai, akasema tu, "Kaka yangu hajala tangu jana," akaendelea kukuna nazi.

Mzee akaja mlangoni, keshavaa tayari. "Mwalimu, picha ni zako. Umezipata kwa halali, sikudai tena. Nnaomba radhi yako tu. Nisiondoke na kinyongo chako."

Kama angenibembeleza ningekataa tena, ndivyo nilivyo, mnanijua. Lakini alishanisamehe picha, na bado alisimama pale, mtu mzima, anangoja neno langu aweze kupanda ndege. Nilijionea aibu. Niliwaza bangili, niliwaza miaka sita, niliwaza nyinyi mtakavyonicheka. Nikazibua bomba.

"Nimekuwia radhi, Mzee," nikasema. "Twende."

Alikata kumi na moja mbele yangu. Bi wa Malindi. Bi wa Mkunazini. Yule wa Kajificheni mwenye kipini puani. Kila kichwa alikitazama, akakitia majini kwa vidole viwili, na mimi nililia waziwazi, sikujificha. Miili aliniviringishia vizuri, akanirudishia.

Kisha akamtoa Kazija. Akashika mkasi. Akauweka kwenye karatasi, akautoa, akauweka tena, akautoa. Nje gari lilikuwa limefika, wanamwita. Akanigeuzia mkasi, upande wa kushikia.

"Nisaidie, mwanangu. Huyu utakwenda naye, kumi na mbili zako zitimie. Nisaidie tu."

Mimi! Niliyepanda basi, boti, teksi na barafu kwa ajili ya uso ule. Nilitaka kumwambia mwachie, nani atajua. Lakini nilimtazama machoni, na hofu aliyokuwa nayo sikuwa na haki ya kuichezea. Nikashika mkasi. Nilianzia begani, nikafuata ukingo wa ushungi, nikazunguka polepole nisiikate kamba. Karatasi ile ni nzito, inatoa sauti. Bado naisikia.

Nikakiweka kichwa kiganjani mwake. Kilienea pale pale, kiganja kizima. Alikitazama, na kile kicheko kikamtazama. Nikamsogezea ndoo.

"Hiki ntakitia mwenyewe," akasema.

Akakitia kwenye mfuko wa kanzu.

Tulitoka nje, watu wakamkumbatia, Bi Mwanaheri akalia, dua ikasomwa. Alipokwishakaa garini alinitafuta kwa macho, akaniita. Nikaenda dirishani.

"Mwalimu," akasema, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuko, "niombee."

Nikamwambia ntamwombea. Gari likaondoka. Na kila nikiswali, jamani, namwombea.